Mayai ya Watu wa Mjini

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu wa mwisho kupimwa uzito kwenye kliniki moja hapa Dodoma. Mbele yangu alikaa mjamzito kijana kutoka kijijini na mama mkwe wake, na kapu la mayai katikati yao. Nesi alimfunua kope la chini, akatikisa kichwa.

“Damu hakuna hapa. Unakula nini?”

“Ugali na mlenda.”

“Na haya mayai?”

Mama mkwe akadakia. “Hayo hapana, sista. Mtoto atanenepa tumboni, ashindwe kutoka.”

“Mama, shikamoo, lakini hapo unakosea. Ale yai kila siku. Mtoto anajengwa na anachokula mama yake.”

“Tumesikia,” mama mkwe alijibu, akishika kapu.

Nje ya mlango kapu likafunguliwa. Sisi tuliosikia kila neno tukajipanga kununua, na nesi naye akatoka kuchukua yake. Yule binti alifuta kila yai kwa ncha ya khanga kabla ya kutukabidhi. Nikamuuliza kama amejiwekea hata moja. Akacheka kidogo.

“Haya ni ya watu wa mjini, dada.”

Mama mkwe, ambaye wala si mtu mbaya, akavuka barabara kwenda kwenye duka jipya lililojaa biskuti za nje, akamletea soda apate nguvu.

Ningeweza kumrudishia mawili. Badala yake nilichagua makubwa makubwa. Kesho yake asubuhi wanangu waliyala na chai, na mmoja akaacha nusu sahanini.