Tulichoruhusiwa Kusema Kuhusu Unga wa Mlonge

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda kidogo cha unga wa mlonge pale Zinga, Meneja Mauzo hakunionyesha unga. Alinipa karatasi yenye majina ya magonjwa kumi na moja, presha na sukari yakiwa juu kabisa. "Mteja akitaja lake, usibabaike. Mwambie linapona." Niliyakariri kwa siku mbili, na nikajiona hodari.

Nilipangiwa gulio la Kiwangwa, na meza na kipaza sauti. Miezi michache baadaye Mkaguzi wa serikali alikuja kutazama lebo zetu. Alieleza taratibu kwamba kirutubisho, kama unga wetu, ni chakula cha kuongezea mlo. Hakiruhusiwi kudai kuwa kinatibu, kinaponya au kinakinga ugonjwa. Kikidai hivyo kinahesabiwa kuwa dawa, na dawa ina usajili na ushahidi wake. Tungeweza kuandika kwamba unga una madini ya chuma, ikiwa maabara imethibitisha.

Lebo zikabadilishwa. Karatasi ya magonjwa ikabaki.

"Lebo anaisoma Mkaguzi," alisema Meneja. "Mteja anasikiliza." Nikarudi gulioni na kipaza sauti changu.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa Bi Mwanaidi, mkulima wa mananasi. Jumatano moja alifika akijishika kisogo.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nipe makopo mawili. Vile vidonge vya presha nimeviacha, wajukuu wanachezea vikopo vyake."

"Umeviacha tangu lini?"

"Tangu uliposema presha inapona. Kwani mimi kiziwi?"

Nilizima kipaza sauti. "Bibi, nilikosea. Huu ni chakula, hautibu presha. Twende zahanati sasa hivi."

"Ala! Basi mwongo ni wewe wa wiki iliyopita au wewe wa leo?"

"Wa wiki iliyopita."

Waliosimama mezani walisikia, wakarudisha makopo. Tulipanda bodaboda. Muuguzi alimpima mara mbili, akaita gari la wagonjwa limpeleke Bagamoyo mjini.

"Umeniharibia gulio," Meneja aliniambia.

"Gulio litapona. Yule bibi sijui."

Nilimwomba Mkaguzi nakala ya kanuni za virutubisho, nikaisoma jioni baada ya jioni, kamusi pembeni, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Nikaelewa kwamba dai ni dai, liwe kwenye lebo, kwenye kipaza sauti au kwenye ushuhuda wa mteja aliyepona. Nilimwambia Meneja kwamba sitatangaza tena ugonjwa wowote, na kwamba akinilazimisha nitakwenda kwa Mkaguzi mwenyewe. Alinuna mwezi mzima, kisha akaniachia niandike maneno mapya ya wauzaji. Yalikuwa sentensi nne. Ya mwisho ilisema: kama unatumia dawa za hospitali, usiziache.

Mauzo yalishuka na hayakurudi yalipokuwa. Nilifanya kazi kwa sentensi hizo nne hadi nilipostaafu.

Vijana wanaouza virutubisho siku hizi huniambia kanuni zinawafunga midomo. Huwa siwabishii. Huwapeleka Kiwangwa kwa Bi Mwanaidi. Alitoka hospitali akiwa hai, ila mkono wake wa kulia haukuamka tena. Huwakaribisha vizuri, huwapa mkono wa kushoto, na huwaomba radhi kwa hilo.