Mwangaluka ya Saa Kumi na Moja Jioni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua redio kwa macho. Naanza na hilo kwa sababu ni dogo, naweza kulisema bila kuona haya; kubwa linafuata. Na kabla hujasema kijana huyu ametunga, nikwambie kwamba yaliyonipata yalinipata jua likiwaka, mama yangu akiwa barazani anapepeta karanga. Mlingoti wa antena bado umesimama nyuma ya nyumba yetu hapa Ushetu. Ukipita utauona.

Nilikuwa na ampli na spika mbili nilizozifufua mwenyewe. Sijasomea ufundi popote; nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuunguza vitu. Kilichokosekana ni tyuna, ile sehemu inayonasa stesheni na kuipeleka kwenye ampli. Duka moja la mitumba Kahama lilikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika, lakini muuzaji aliichomeka mbele yangu ikanasa stesheni ya Shinyanga kwa kipande cha waya tu. Ya pili ilikuwa na kioo chenye mwanga wa kijani na sindano inayotembea. Unadhani nilichukua ipi?

"Mdogo wangu, unakwenda kuisikiliza au kuitazama?" muuzaji aliniuliza.

Nilicheka. Nyumbani sindano ilitembea vizuri sana, na redio ikakwaruza.

Nikahamia kwenye antena. Nilianza na waya uliotandazwa ukutani, nikaja kwenye antena ya runinga yenye mapezi, nikaifunga juu ya mlingoti. Nikabadilisha kebo. Nikalehemu viungo, nikavibandua, nikalehemu tena kwa sababu risasi haikung'aa nilivyotaka. Nilikuwa naugeuza mlingoti upana wa kidole kimoja, nashuka ngazi, nasikiliza, naandika kwenye daftari, napanda. Wiki tatu nzima. Mama alisema hata ng'ombe wakitoka malishoni wananitafuta juu kwanza.

Sasa sikia kosa kubwa.

Mjomba wangu Masanja, mdogo wake mama, alikuwa mchimbaji Mwakitolyo. Asubuhi moja, saa mbili, hata chai hawajanywa, duara liliporomoka. Duara ni shimo la wachimbaji, nadhani unajua. Wenzake walikuja kutuambia kwamba mle chini alikuwa na mtu mwingine, na kwamba wote wawili hawakutolewa, udongo uliwashinda. Baba mdogo akanipa kazi moja tu: niandike tangazo la kifo, nilipeleke redioni Shinyanga. "Wewe ndiye mwenye mwandiko," alisema.

Mama aligoma kulia. Kwake yeye, mtu asiyeonekana maiti na asiyetangazwa redioni hajafa. "Nikimsikia redioni nitakaa matanga," alisema, akaendelea na kazi zake.

Nililiandika lile tangazo mara kumi na moja. Majina ya ukoo yalikuwa na mpangilio mbaya, nikayapanga upya. Kilichonishinda kabisa ni yule mtu wa pili. Wenzake hawakujua jina lake. Alikuwa mrefu, wakamwita Antena, basi. Sasa utaandikaje kwenye tangazo la kifo, "pamoja na mwenzake Antena"? Watu wangecheka. Sentensi ilinikera, nikaifuta. Baada ya kuifuta, tangazo likaonekana lina pengo, nikaacha hadi kesho. Kesho ikawa miezi. Na mama aliponiuliza, nilimjibu, "Nilishapeleka, mama. Watasoma."

Tangu hapo kila jioni alikaa mbele ya kiredio chake cha betri kusikiliza matangazo ya vifo. Jina likija katikati ya mkwaruzo alinyanyuka, kisha anakaa. "Labda wameshamsoma na mimi sikusikia," aliniambia siku moja. "Hii redio yangu imezeeka."

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikamwahidi redio nzuri. Umenielewa? Nilikuwa natafuta antena bora kabisa ya kunasa tangazo ambalo lilikuwa mfukoni mwangu.

Siku yenyewe nilikuwa chini ya mlingoti, nimekasirika, tyuna na spika nimezitoa nje barazani ili nizisikie. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Jioni tunasema mwadila. Mtoto anayeanza kuongea anajua. Niligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kandambili miguuni, vumbi jeupe la mawe limemganda usoni hadi kwenye kope. Nikamwambia, tena kwa ukali, "Kaka, hii ni saa kumi na moja jioni. Sema mwadila."

"Kwetu bado asubuhi," alisema.

Barazani mama akaitikia bila kuinua macho kwenye ungo, "Mwangaluka mhola, baba."

"Mama, ni jioni," nikasema.

"Kwani utapungukiwa nini ukiitikia?"

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, niamini. Mtu amekuja na salamu na mimi namsahihisha. Wala sikuitikia. Nikamuuliza anatoka wapi, akasema Mwakitolyo. Wachimbaji hupita huku, sikushangaa. Akaitazama antena, akatazama mlingoti.

"Umeielekeza wapi?"

"Shinyanga mjini. Kwenye mnara."

"Geuza kushoto kidogo. Elekeza Mwakitolyo."

"Huko hakuna mnara."

"Kuna watu," alisema.

Nilianza kumweleza jinsi mawimbi yanavyosafiri, kama nilivyojifunza kwenye simu. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akaushika mlingoti kwa mkono mmoja akaugeuza, mlingoti nilioukaza kwa spana na nguvu zangu zote. Akaniambia nikabonyeze kitufe cha mono kwenye tyuna, kile kinachounganisha sauti ya spika mbili kuwa moja. Nikakataa. Kijitaa chekundu cha stereo kilikuwa fahari yangu pekee, na ukiweka mono kinazimika.

"Unataka kusikia pande mbili," aliuliza, "au unataka kusikia?"

Nikaenda barazani, nikabonyeza.

Mkwaruzo ulikatika kama mtu aliyefumbwa mdomo. Ikaja sauti ya mtangazaji, mwanamke, safi, utadhani amekaa kati yangu na mama. Alikuwa anasoma tangazo la kifo. Nililitambua kwenye neno la tatu. Lilikuwa langu. Mpangilio wa majina ulikuwa ule ule niliouhangaikia. Akasoma jina la Masanja, akasoma duara na asubuhi ile, halafu akaisoma sentensi niliyoifuta: "Pamoja na mwenzake, Deusi Mihayo wa Bukombe, aliyejulikana kwa jina la Antena."

Jina la Deusi Mihayo sikuwahi kuliandika. Sikuwa nalo.

Mama aliweka ungo chini taratibu, kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, kilikuwa na miezi yote ndani yake. Nilipokimbia nyuma ya nyumba hakukuwa na mtu. Chini ya mlingoti palikuwa na matope meupe, mabichi, na sisi tulikuwa kiangazi, kisima chenyewe kinatupimia ndoo. Kwenye bomba la mlingoti, juu kuliko ninavyofika mimi bila ngazi, palikuwa na alama ya kiganja.

Kesho yake nilikwenda Shinyanga. Dada wa mapokezi pale redioni alipekua faili la matangazo ya jana, akapekua la juzi. "Hakuna," alisema. "Ungelileta ningekuwa nalo, kaka." Nikaomba kalamu. Nikaliandika hapo hapo juu ya kaunta, mwandiko mbaya, neno moja limekatwa, na majina yote mawili ndani. Jioni ile likasomwa.

"Mbona wanarudia?" mama aliuliza.

Ndipo nikamwambia yote. Siku ya tatu alinitengea chakula bila kuniangalia, na mpaka leo nikimwambia kitu kimeshafanyika, anauliza mara mbili.

Matanga hayajaisha akaja mama mmoja kutoka Bukombe, rozari shingoni, amesikia tangazo akasafiri siku nzima. Nikamsalimia shikamoo, akajibu marahaba, akasema, "Mimi ndiye mama Deusi." Alikuwa amekwenda Mwakitolyo mara tatu kumuulizia mwanawe kwa jina la ubatizo, na kila mara aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Hakujua kwamba huko anaitwa Antena. Aliuliza sisi jina lake tumelipata wapi. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mlimkaribisha? Alikunywa hata chai?"

Nifikirie mimi, mbele ya mama wa mtu. Ilibidi nimwambie kwamba hata salamu yake sikuitikia, mama ndiye aliyeitikia. Akamshika mama mkono, wakakaa hivyo.

Alama ya kiganja nimeisugua kwa sabuni, kwa petroli, kwa msasa. Bomba limechubuka, alama ipo. Antena nimeiacha inatazama Mwakitolyo, na upande huo hainasi chochote ila mkwaruzo. Matangazo mama anayasikiliza kwenye kiredio chake cha betri.

Kwa hiyo ukienda dukani, chukua tyuna inayonasa, sura yake achana nayo, na shughulikia antena kabla ya taa. Lakini hilo utajifunza mwenyewe. Ninalokuonya ni hili: mtu akikuamkia kwa salamu ya saa isiyo yake, usimsahihishe. Itikia, mpe maji, muulize jina.

Siku hizi mimi naitikia kila salamu kama ilivyokuja. Na nikipewa tangazo naliandika mara moja, nalipeleka siku hiyo hiyo, na makosa yake.