Kengele ya Reli

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu tramu, treni ya mjini inayopita katikati ya barabara. Ilipiga kengele watu wakapisha, nami nikaikumbuka kengele ya shule yetu, Kiegei.

Ilikuwa kipande cha reli kilichobaki treni ya Nachingwea ilipoondolewa, kikaning'inizwa kwa waya kwenye mkorosho. Alasiri moja, wenzangu wakiwa wameshakwenda nyumbani, nilikigonga kwa nondo, kisha nikabandika sikio. Kilinuka kutu. Ndani yake kitu kilivuma, kama kinakuja kutoka mbali sana. Nikagonga tena, kwa nguvu.

Mara watu wakatokea mashambani wakikimbia, majembe mikononi. Nikajua wanawahi treni. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyebeba mzigo. Sikujua kuwa kengele ikilia saa zile, kuna moto au msiba.

Bibi yangu alifika akihema. "Nani kafa?"

"Hakuna, Bibi. Treni inakuja."

Watu wakasonya, wakarudi mashambani. Bibi, aliyeipanda treni ile akiwa msichana, alichuma kijiti akanijia. Nikafumba macho. Nikangoja, nikangoja. Nilipofumbua, alikuwa ameegemeza sikio kwenye reli.

"Gonga tena," akasema.