Musawo wa Alhamisi

Muuguzi wa kliniki moja ya Nateete, ambaye wagonjwa walimwita musawo, yaani tabibu, alikuwa na sauti ya mnadi nyanya. Kila Alhamisi, siku ya kupima kansa ya matiti, aliwacheka wanawake waoga huku vidole vyake vya baridi vikiwafungua blauzi tayari kwa daktari: "Nyabo, unamfichia nani? Kansa haioni haya!"

Blandine, mchuuzi wa vitenge aliyekwishapimwa na sasa anangoja majibu, alichoka kuchekwa. "Na weye, musawo, daktari alikupima lini?"

Muuguzi alivuta koti lake kifuani. "Mimi ni muuguzi," akajibu, kana kwamba ugonjwa huuliza kwanza kazi ya mtu.

Wanawake wakaangua kicheko. Blandine alisogea kwenye benchi, akampa nafasi. Muuguzi akaketi, akamwinamia sikioni.

"Kupimwa kunauma?"