Dirisha la Godefroid Mbele ya Maji

Siku walipokuja kupima dirisha la Godefroid, barabara yetu yote ilihamia parokiani. Hata wale ambao misa ya Jumapili inawashinda, siku ile walimtangulia padri.

Godefroid ni jirani yangu hapa Kikula, fundi wa milango na madirisha, hata ya nyumba yangu. Alianza angali kijana, akipasua mapipa ya mafuta na kuyanyoosha kwa nyundo mpaka yawe milango. Mlango wake haulii, na ukiufunga, umefunga kweli. Lakini moyo wake uko kwenye madirisha, na sababu tunaijua sote. Mke wake Gertrude alipokuwa anajifungua Julie, mvua kali ilipiga, maji yakaingia dirishani mwa maternite, ile nyumba yetu ya zamani ya kuzalia. Wakunga wakawa wanasukuma kitanda huku na huku, mama wa watu yuko katika uchungu! Vitenge vyote vikalowa. Julie akafungwa katika koti la baba yake. Toka hapo Godefroid akasema, "Minye nitatengeneza dirisha yenye mvua itaogopa."

Sasa masista wa parokia wanajenga maternite mpya, na walisema wazi: dirisha lisilo na sertifika ya kupimwa halitaingia, hata liwe la nani. La Godefroid likishindwa, madirisha yote yataletwa na lori kutoka inchi ingine. Ndiyo maana alikuja Enjenieri Viviane kutoka Lubumbashi, pamoja na mashine yake.

Walilifunga dirisha kwenye sanduku kubwa la mbao, kama ukuta wa nyumba. Mashine inavuta hewa kutoka ndani ya sanduku, basi dirisha linasukumwa kama na upepo wa tufani. Huku inje mabomba yanamwaga maji. Tone moja likipita ndani, dirisha limeshindwa.

"Papa Godefroid, tuanze?"

"Muanze tu, Enjenieri."

Mashine ikanguruma. Gertrude akanishika mkono kwa nguvu.

"Mama Hadassa, omba."

"Niko naomba."

"Omba na sauti! Na hii makelele, Mungu atakusikia namna gani?"

Upepo ukapita salama, tukapiga makofi. Wakafungulia maji. Yakajaa kwenye fremu ya chini, yakapanda, yakapanda tena, kisha tukayaona yanamwagika ndani ya sanduku. Yesu wangu! Samy wa pikipiki akapaza sauti, "Godefroid, ni dirisha ao ni beseni?" Watu wakacheka. Gertrude hakucheka.

Viviane akazima mashine. "Papa, tundu za kutoa maji inje ziko wapi?"

"Nilizitoboa! Hapa chini, na mikono yangu!" Godefroid akapiga magoti, akapapasa na kidole. Mastiki, ile ya kuzibia vioo. Imekauka ngumu, imepakwa na rangi juu.

Akageuka polepole, akamwangalia mke wake.

Kwao kazi iko hivi: bwana anaunga chuma, mama anapanguza na kupaka rangi. Na sisi wamama wa Kikula, kwa vumbi linaloletwa na malori ya madini wakati wa kiangazi, hatuachi tundu. Tunaziba na sabuni, na karatasi, na chochote.

"Ni minye," Gertrude akasema, machozi karibu. "Niliona tundu, nikasema bwana amechoka, amesahau. Vumbi itaingia ku batoto. Nikaziba muzuri."

Nilidhani Godefroid atamfokea. Kumbe akaangua kicheko. "Gertrude! Weye unafukuza vumbi, unakaribisha mvua!"

Viviane naye akacheka, lakini akasema sheria: kurekebisha kunaruhusiwa mara moja, halafu wanaanza upya. Likishindwa tena, basi.

Fundi akashika drili. Gertrude akamzuia. "Nipe musumari. Niliziba minye, nitazibua minye." Akapiga magoti katika matope na kitenge chake cha misa, akachokonoa mpaka mwanga ukapita.

Mashine tena. Maji tena. Mimi nilikuwa ninaomba na sauti kabisa. Yakajaa katika fremu, yakapanda kidogo, yakasimama. Kisha nyuzi mbili nyembamba za maji zikaanza kutiririka huku inje, kwetu.

"Inatoka! Inatoka inje!" Gertrude akaruka kama msichana.

Viviane akafungua sanduku, akapitisha kiganja chake ndani, akakiinua juu. Kikavu! Tukapiga mpundu na vigelegele mpaka njiwa wa kanisa wakaruka. Sista mkubwa hakungoja hata kelele ziishe, akamwambia Godefroid, "Papa, madirisha yote ni yako."

Asubuhi yake, nikasikia mlango unagongwa. Ni Gertrude, musumari mkononi.

"Mama Hadassa, fungua. Madirisha yako nayo niliziba."

"Na vumbi je?"

"Vumbi tutapanguza," akasema, akiwa ameshainama chini ya dirisha langu.