Mwizi wa Simulizi Zangu na Mke Asiyekuwepo

Juzi mwizi wangu alipiga magoti ndani ya saluni yangu, juu ya nywele za wateja, akanililia: "Kaka, nakuomba, waambie watu kwamba nimekuibia!"

Ngoja niwape mkasa tangu mwanzo.

Mimi ni kinyozi. Mteja akiondoka nashika simu, naandika simulizi, naiweka kwenye ukurasa wangu. Zote naziandika kama zimenitokea mimi. Ukiwaambia wasomaji umetunga, wanakukimbia.

Siku moja mteja yuko kwenye kiti anasoma simu, anacheka mpaka naogopa nitamkata sikio.

"Huyu Profesa wa Machozi ni hatari! Sikiliza hii..."

Akasoma. Lahaula! Maneno yangu, nukta kwa nukta. Juu kuna picha ya jamaa kavaa tai na miwani ya jua. Chini kaandika: "Ni marufuku kunakili. Heshimu jasho la mtu."

Jasho la nani, we kupe?

Nikamwandikia hapo hapo chini, mbele ya wote. Akafuta. Mashabiki wake wakanishukia: "Acha wivu, kanyoe watu!" Iliniuma jamani, nisiwadanganye.

Ila niligundua kitu: jamaa hasomi anachoiba. Anakopi, anabandika, basi. Hata "mimi kinyozi" aliiacha vilevile, na tai yake shingoni.

Nikamtungia yake, nikaiweka kwenye ukurasa wangu. "Nina mke wa pili, mke wangu hajui. Tuna mapacha. Safari za kikazi ninazoaga ni uongo mtupu."

Chai yangu haijapoa, iko kwake.

Mkewe akaisoma. Mashemeji wakaisoma. Ndio hao waliosimama nyuma yake juzi saluni, wawili, mikono kifuani, hawacheki.

"Sema, kaka! Hao mapacha ni wako!" mwizi akanililia.

"Kwanza andika kwenye ukurasa wako. Simulizi zote ni zangu, kuanzia ya kwanza."

Akaandika palepale. Mashemeji wakasoma, wakanipa mkono, wakaondoka naye. Simu yangu ikafurika pongezi: "Kumbe kinyozi ndiye mwenyewe!"

Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mke wangu hajawahi kusoma simulizi yangu hata moja, anasema ni za watu wasio na kazi. Siku hiyo nilimkuta sebuleni, simu mkononi. Shangazi yake kakaa pembeni. Begi langu liko mlangoni.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hii ni ya kwako kweli?"

"Ni yangu, mke wangu, ila..."

"Mtoto wa watu kaapa mbele ya dunia nzima kwamba ni yako. Haya, mapacha wanaitwa nani?"

Shangazi akaguna.

Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha wateja, begi langu chini ya kioo.

Funzo: kabla hujapigania kazi yako mtandaoni, hakikisha nyumbani wanajua kwamba ni kazi.

Na wewe unayeikopi hii sasa hivi, ichukue yote. Pamoja na shangazi.