Shiraa Mbele ya Lori

Nikiri kosa langu mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine, maana Mokowe ni padogo na mimi si wa kufichika. Wiki tatu nzima nilikuwa nikibadilisha mipira mizima na kuuacha mbovu. Gari kuukuu aliloniachia marehemu mume wangu lilikuwa likivuja maji. Nikafungua boneti, nikauona mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ule auonao kila mpita njia, nikanunua mpya na kuufunga mwenyewe kwa bisibisi. Nikashika kiuno kama fundi. Kesho yake dimbwi liko pale pale. Nikabadilisha wa chini. Dimbwi halikuhama. Ndipo siku ya siku, kwa hasira tu, nikasukuma mkono nyuma ya feni nikagusa kampira kafupi, urefu wa kidole cha shahada, kamejibana kati ya pampu ya maji na kichwa cha injini. Kalikuwa chapachapa. Mkono wangu, ulionona kwa miaka ya kukaa ndani na kula mikate ya mofa, ukakwama humo humo. Usicheke. Nikiwa nimeinama pale nangoja unitoke, nilimkumbuka nyanya.

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu utoto. Wenzangu walikimbia pwani kuogelea, mimi nilikaa barazani ndani nikimtungia nyanya nyuzi kwenye sindano. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa nikiwa na miaka minane, miaka michache baada ya uhuru, nami nikijiona mkuu wa kazi zote Lamu. Macho ya nyanya yalikuwa yamefunga ukungu, tundu la sindano halioni, lakini kofia za vito, zile za kudariziwa vitundu vidogo vidogo, alizishona kwa kupapasa, na wanunuzi hawakupata kutambua. Kwato za punda zikipita kichochoroni, harufu ya kahawa ya tangawizi ikipanda ngazi, yeye anahesabu vitundu kwa ncha ya kidole. "Mkono wa mshonaji una mato yake," alikuwa akiniambia. Mato ndiyo macho kwa Kiamu chetu.

Nyumba yetu iliungana na ya jirani kwa wikio, lile daraja la juu ya kichochoro ambalo wanawake walipita kuamkiana bila kukanyaga chini. Jirani huyo alikuwa bibi mkavu, mrefu, asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akila wali wako akauona una mawe, atakwambia una mawe, kisha ataomba tena. Ndiye aliyetusomea telegramu siku ilipofika, maana kwetu kisomo cha telegramu hakikuwapo. Mama yangu alikuwa amelazwa hospitali Mombasa, na huo ulikuwa mwezi wake wa pili huko. Jirani akasoma maneno manne: hali si nzuri, njooni. Akaikunja, akatwambia tusipoteze wakati kulia, lori latoka Mokowe asubuhi.

Nyanya hakuwa amepata kwenda mbali kuliko Wiyoni, pembeni mwa mji wetu. Mimi gari nililijua kwa picha. Tulivuka kwa mashua alfajiri, tukiwa na mkeka, mkate wa kumimina na birika la maji matamu, tukapakiwa kwenye lori lililofungwa mabenchi. Dereva alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole, mwenye vidole vinene kama mihogo. Alitueleza wazi kwamba kivuko cha Garsen hufungwa jua likizama, na siku zile za mashifta, wale waasi wa bunduki, hakuna gari lililoruhusiwa kutembea usiku upande huu wa mto. Tukikosa kivuko ni kulala njiani. Nyanya aliuliza jambo moja tu, Mombasa tutafika lini. Akaambiwa, kesho asubuhi, Mungu akipenda.

Hatujafika Witu, mvuke ukatoka mbele kama chungu cha wali kilichosahauliwa. Dereva akashuka, akangoja injini ipoe kidogo, akachungulia sana. Kisha akaja kutuambia, kofia mkononi. Kumepasuka mpira mdogo, uko nyuma ya feni. Kipande cha mpira mwingine anacho na amekikata sawa, lakini mkono wake haupenyi. Kufungua feni na rejeta kunataka spana ambayo hanayo. Lori jingine litapita baada ya siku tatu.

Siku tatu. Nilimtazama nyanya. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, buibui limemfunika, midomo yake ikienda bila sauti.

Dereva akaniona mimi na vijikono vyangu. Nikanyanyuliwa, nikaonyeshwa pa kupitisha, nikapewa mpira na klipu zake mbili. Mkono uliingia bila taabu. Ila ulikuwa mkono wa mtu wa kutunga nyuzi tu. Uligusa chuma cha moto, nikapiga ukelele, na klipu zote mbili zikaniponyoka zikapotelea ndani ya machuma. Tulizitafuta robo saa, watu wakilala kifudifudi mchangani. Hatukuziona. Nikalia kwa kwikwi, na hakuna aliyenibembeleza, nami nilijua kwa nini.

Nyanya akasimama. Akamuuliza dereva kama ana waya. Anao. Ule mpira wa zamani ulikaaje? Akaelezwa. Akavua bangili zake za fedha, mbili mbili, akanitia mkononi nizishike. Kisha akawageukia wanawake wa safari, akasema, "Niinulieni shiraa."

Vijana hawakuelewa. Vikongwe wawili walielewa upesi, kwani walikulia ndani yake: lile hema la nguo walilotembea nalo mabibi wa Lamu zamani, likishikwa kwa fito, wao wamo katikati hawaonekani hata unyayo. Fito zilikatwa porini, leso zikafunguliwa viunoni zikafungwa pembe kwa pembe, na nguo ikazunguka mbele ya lori lote. Mwanamke mmoja akamwambia dereva, "Na wewe bwana wa bara, tupe mgongo utuhesabie miti, mpaka tukwambie basi." Akatupa mgongo. Na kweli akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, watu wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha safari ile.

Ndani ya shiraa tulikuwa wawili. Nyanya alipanda juu ya debe, akaliinua buibui mpaka begani. Sikuwahi kuuona mkono wake wote mchana. Ulikuwa mwembamba na mweupe kama kitu kilichofichwa kabatini. Akasema bismillahi, akafumba macho, akauzamisha.

"Mama, umefika kwenye pampu?" sauti ya dereva ilitoka nje ya leso. "Ina mdomo kama wa chupa."

"Nimefika."

"Vua kile kibovu, vika kipya pande zote mbili. Kisha zungusha waya mara tatu, usokote, mpaka mpira ubonyee. Unaona?"

"Naona," alisema nyanya, aliyekuwa haoni tundu la sindano.

Nilisikia ngozi ikiungua. Naapa niliisikia. Uso wake haukubadilika. Bega likawa linakwenda kidogo kidogo, ule mwendo niliouzoea wa mtu anayekaza uzi, na jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Sijui ilichukua muda gani. Alipoutoa mkono ulikuwa mweusi wa mafuta hadi kiwikoni, na chini ya weusi ule pana wekundu. Akashusha buibui kwanza, ndipo akasema waangushe nguo.

Kila mtu akamimina rejetani maji aliyokuwa nayo, na birika letu pia. Dereva akawasha. Tukaduwaa sote tukitazama chini, watu wazima kabisa wanakodolea mchanga. Halikudondoka tone.

Tulivuka Garsen mvuko wa mwisho, jua likiwa ukingoni. Mombasa tulifika asubuhi, kama alivyosema. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la nje na bangili mapajani. Mama aliishi mpaka alasiri. Nyanya alipotoka hakulia. Kucha zake bado zilikuwa nyeusi, sabuni ya hospitali haikuziweza. Akaketi kando yangu, akaniambia, "Mamako alinijua."

Sasa daraja limejengwa Garsen, na lami imefika mpaka hapa nilipokwama. Nyumba yetu aliinunua mtu wa mbali, na mlango wa kwenye wikio umezibwa kwa mawe. Kofia nyingi zatoka kwa mashine. Vikongwe waliojua kuinua shiraa wamekwisha, na nikimweleza mjukuu wangu neno hilo huniuliza kama ni chapa ya simu. Gari langu alilitengeneza kijana kwa saa mbili, akafungua feni na rejeta kwa spana zake zote, akanishauri nisilishike tena. Bangili ninazo. Hazinipiti mkononi, lakini saa ile ya kutafuta klipu nikiikumbuka, huzishika tu.

Tuliporudi Lamu kwa matanga ya mama, habari ilikuwa imetutangulia. Barazani, kahawa ikizunguka, nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba bibi mtu mzima, wa nyumba ya heshima, amefunua mkono wake porini na mwanamume wa kando yupo hatua tatu. Nyanya alikuwa chumba cha pili, na mlango wazi. Jirani yetu alikuwa akimimina kahawa. Hakuliweka buli chini, wala hakupandisha sauti.

"Mkono uo ndio ulomfumba mwanawe mato. Yenu imefanyani?"